Kaini na Abeli

Kaini na Abeli, wanaojulikana kwa Waislamu kama Kabili na Habili, ni wana wa Adamu na Hawa. Kisa chao ndicho cha kwanza cha mauaji katika maandiko ya Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu.

Katika Biblia. Kwa mujibu wa Mwanzo 4, Kaini alikuwa mkulima na Abeli mchungaji. Kaini alitoa sadaka ya mazao, naye Abeli wazaliwa wa kwanza wa kundi lake pamoja na mafuta yao. Mungu aliikubali sadaka ya Abeli tu, na Kaini akamuua nduguye kondeni. Alilaaniwa awe mtoro duniani, lakini akatiwa alama ili asiuawe. Waraka kwa Waebrania (11:4) unamsifu Abeli kwa imani yake, na 1 Yohana 3:12 inamtaja Kaini kuwa mfano wa chuki.

Katika Kurani. Sura ya 5, Al-Maida, aya za 27–31, inasimulia kisa hiki bila kutaja majina yao. Ndugu anayetishwa kuuawa anakataa kunyoosha mkono kumuua mwenzake. Baada ya mauaji, kunguru anafukua ardhi na kumwonyesha muuaji jinsi ya kuusitiri mwili wa nduguye, naye anajuta.

Mafunzo. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya sheria ya Kiyahudi (Sanhedrin 4:5), inakitumia kisa hiki kufundisha kuwa kuangamiza nafsi moja ni sawa na kuangamiza ulimwengu mzima. Fundisho linalokaribiana na hilo limo katika Al-Maida, aya ya 32.