Historia ya Makao ya Wazee Wenye Demensia

Makao yaliyojengwa mahususi kwa ajili ya wazee wenye demensia, yaani hali ya ubongo kudhoofika hatua kwa hatua hadi mtu anapoteza kumbukumbu, uamuzi na hatimaye uwezo wa kujihudumia, ni jambo la juzi tu katika historia ya tiba. Mwanzoni mwa karne ya 20, mzee wa Ulaya au Marekani aliyepatwa na hali hiyo alitunzwa na jamaa zake, na pale jamaa waliposhindwa, alipelekwa katika nyumba ya maskini au hospitali ya wagonjwa wa akili, ambako alichanganywa na watu wenye maradhi ya kila namna.

Hali ilivyokuwa katika hospitali hizo inaonekana vizuri Frankfurt, Ujerumani, ambako Auguste Deter, mke wa karani wa reli, alilazwa Novemba 1901 akiwa na umri wa miaka 51. Daktari Alois Alzheimer alimhoji mara kwa mara na kuandika majibu yake neno kwa neno. Siku moja alimkuta akila koliflawa na nyama ya nguruwe, akamwuliza anakula nini, naye akajibu kwamba anakula spinachi. Hospitali hiyo, chini ya uongozi wa Emil Sioli, haikuwa ya kikatili kwa kipimo cha zama zake, kwa kuwa ilikwisha kuacha kuwafunga wagonjwa na badala yake iliwatuliza wenye fadhaa kwa kuwaweka muda mrefu katika maji ya uvuguvugu. Hata hivyo, mwanamke huyo alifariki Aprili 1906 akiwa amejikunja kitandani, mwili ukiwa na vidonda vya kulalia, licha ya uangalizi wote aliopewa. Alzheimer, ambaye wakati huo alikuwa amehamia München, aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta mabaka na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli, na Novemba mwaka huohuo akaueleza mkutano wa madaktari mjini Tübingen.

Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake cha tiba ya akili, lakini kwa zaidi ya nusu karne jina hilo lilitumika hasa kwa waliougua kabla ya uzee, huku usahaulifu wa watu wa miaka 70 au 80 ukihesabiwa kuwa uzee wenyewe. Dhana hiyo, ambayo iliwagharimu wazee wengi, ilianza kuvunjika mwaka 1968, pale Blessed, Tomlinson na Roth wa Newcastle, Uingereza, walipoonyesha kwamba wingi wa mabaka katika ubongo wa wazee ulikwenda sambamba na ukali wa demensia yao. Mwaka 1976 Robert Katzman wa Marekani akasisitiza kwamba maradhi ya wasiofikia uzee na ya wazee ni yaleyale. Uzee ulikuwa haudai jengo la peke yake, ila ugonjwa ulidai.

Tayari mwaka 1974 Taasisi ya Weiss, makao ya wazee wenye demensia, ilikuwa imefunguliwa Philadelphia, Marekani, ikiongozwa na fikra za mwanasaikolojia M. Powell Lawton, ambaye alipendekeza vyumba vya kulala vizunguke ukumbi mkubwa ulio wazi, ili mkazi akisimama mlangoni mwake aone mahali pa kulia na wauguzi walipo, bila kulazimika kukumbuka njia. Kwingineko nchini humo wazee waliendelea kufungwa kwenye viti kwa mikanda, desturi ambayo sheria ya mwaka 1987 ilikuja kuiwekea mipaka.

Hatua iliyojadiliwa kuliko zote ilichukuliwa Weesp, Uholanzi, ambako Yvonne van Amerongen na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi katika nyumba ya kawaida ya wazee, walianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kubuni makao yasiyofanana na hospitali. Kijiji cha De Hogeweyk kilifunguliwa mwaka 2009, kikiwa na nyumba 23 za watu sita au saba, kila nyumba na jiko lake, pamoja na duka la vyakula, mgahawa na ukumbi wa maonyesho. Wakazi waligawanywa kwa namna ya maisha waliyoizoea, hata ikatengwa nyumba ya wale wenye asili au historia ya Indonesia ya kikoloni.

Wako waliodai kwamba kijiji hicho ni ulaghai, na hoja yao haina uzito mkubwa, kwa maana duka linauza vyakula vya kweli na jiko linapika chakula cha kweli. Suala zito zaidi ni lango: kufuli lililokuwa mlangoni mwa chumba lilisogezwa hadi ukingoni mwa kijiji, lakini halikuondolewa. Tangu Januari 2020 sheria ya Uholanzi inalihesabu zuio la aina hiyo, likiwekwa kinyume cha ridhaa ya mkazi, kuwa huduma ya kulazimishwa, inayoruhusiwa tu pale madhara makubwa yasipoweza kuepushwa kwa njia nyingine.