Turkana iliyochorwa kwa macho ya mgeni

Kila mwaka Waturkana na Wamatheniko wa Uganda hukumbuka mapatano ya Lokiriama ya 1973, walipozika silaha na kuahidiana amani. Mbele ya mnara wa ukumbusho wa mapatano hayo huinuliwa simu za kupiga picha. Daftari la michoro ni nadra. Nchi hii ya Turkana, hata hivyo, ina mchoraji wake wa zamani, naye hakuwa mwenyeji.

Ludwig von Höhnel, luteni wa jeshi la majini la Austria-Hungaria, aliondoka Pangani mwaka 1887 katika msafara wa kabaila wa Kihungari, Samuel Teleki. Pamoja nao alikuwapo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu aliyezijua njia za bara kuliko wote wawili. Teleki aliwinda, Höhnel alishika dira, akapima kilima kimoja baada ya kingine na kuchora ramani.

Machi 1888 walitokea kusini mwa ziwa ambalo leo ni Turkana. Kwa masimulizi ya Höhnel mwenyewe, watu walitimua mbio majini kwa kiu, wakayaonja: yana magadi! Hata hivyo, ziwa lilipewa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria, ambaye hakuwahi kuliona na alifariki Januari mwaka uliofuata. Volkano ya jirani ikawa ya Teleki. Kimemeta hakupata hata kilima. Mwaka 1892 kitabu cha Höhnel kilitoka Vienna, chenye ramani na picha tele, na Ulaya ikalijua ziwa kwa jina hilo hadi 1975 lilipoitwa Turkana.

Baadaye Joy Adamson alichora watu wa Kenya, nyuso na mapambo yao. Majengo hayakupata bahati hiyo: gereza la Lokitaung alikofungwa Jomo Kenyatta, na nyumba ya Lodwar alikozuiliwa kuanzia 1959 hadi 1961. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa 1992, nayo sasa ina historia ya kuchorwa.

Vifaa vya kuchorea si ghali: penseli ya kuweka mistari, wino wa kukazia, makaa ya kivuli cha ukuta. Rangi ya maji ndiyo inayohitaji haraka, kwani jua la Lodwar huikausha kabla brashi haijarudi kikombeni. Kaunti iliyogharimia tamasha la Tobong'u Lore haishindwi kununulia shule madaftari, watoto waanze na Lokitaung kabla kuta hazijaanguka.