Sajili ya majarida ya muziki na mbinu za kumnasa msomaji

MUZIKI ni sanaa ya sikio, ilhali jarida halina sauti. Mhariri wa jarida la muziki hulazimika kumfanya msomaji asikie kwa macho, na kazi hiyo huanza kwenye jalada, kabla hata ukurasa wa kwanza haujafunuliwa.

Mfano ulio wazi ni Kerrang!, jarida la Uingereza lililozinduliwa mwaka wa 1981 kwa mashabiki wa roki nzito. Jina lenyewe ni tanakali ya sauti. Huiga mlio wa gitaa la umeme linapocharazwa kwa nguvu. Herufi za nembo yake nazo zimechorwa zikiwa na nyufa, mithili ya kioo kilichopigwa jiwe. Aliyependa nyimbo za kubembeleza alitambua papo hapo kwamba halikumlenga yeye. Usanifu, basi, huvuta na pia hufukuza.

Smash Hits, lililochapishwa kuanzia 1978 hadi 2006, lilifuata njia nyingine. Lilichapa maneno ya nyimbo zilizovuma ili kijana ayaimbe, likawabandika wasanii majina ya utani na kuwauliza maswali ya kipuuzi, kwa mfano Jumanne ina rangi gani. Lugha hiyo ilimshusha nyota kutoka kwenye kiti chake na kumketisha kando ya msomaji.

Wakati mwingine kinachovuta ni ukimya. Rolling Stone, lililoanzishwa San Francisco mwaka wa 1967 na Jann Wenner pamoja na Ralph J. Gleason, lilitoa toleo la Januari 22, 1981 likiwa na picha ya John Lennon akiwa uchi, amejikunja na kumkumbatia mkewe, Yoko Ono. Annie Leibovitz aliipiga Desemba 8, 1980, saa chache kabla ya Lennon kuuawa kwa risasi. Mbali na jina la jarida, jalada hilo halikuwa na kichwa chochote cha habari. Ni wahariri wachache wenye ujasiri wa kuiachia picha ukurasa mzima. Wengi wangeongeza walau maneno matatu.

Ndani ya jarida, vipengele vya sajili hii hujitokeza upesi. Kichwa huwa kifupi na mara nyingi hukosa kitenzi; msomaji huitwa kwa nafsi ya pili; misimu na maneno ya kutohoa hutumiwa bila kuelezwa, kwa kuwa anayeyaelewa hujiona mwenyeji. Katika kurasa za burudani za Kiswahili, msanii "hufyatua kibao", "hutamba" na "kutikisa anga". Misemo hii ina nguvu, ila imechakaa: ikiwa kila anayerekodi wimbo anatamba, msomaji hawezi tena kumtambua anayetamba kweli.

Kipengele chenye hatari zaidi ni dondoo, yaani kauli ya msanii inayokuzwa kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa. Husomwa na watu wasiosoma makala yenyewe. Ikikatwa vibaya, mzaha hugeuka tusi, na msanii hubaki akijitetea kwa jambo ambalo hakulisema. Mhariri makini huirejesha kwanza ndani ya aya yake na kuipima maana.

Hata orodha huvuta macho. NME, jarida lililoanza London mwaka wa 1952, lilichapisha Novemba 14 mwaka huohuo chati ya kwanza ya mauzo ya nyimbo nchini Uingereza, na wasomaji wakawa na sababu ya kulisaka kila wiki. Umaarufu huo haukuliokoa. Lilianza kugawiwa bure mwaka wa 2015, likasitisha toleo la kila wiki la karatasi Machi 2018, kisha likarudi 2023 kwa matoleo ya kila miezi miwili. Q, lililoanzishwa 1986, lilifungwa mwaka wa 2020.

Kwenye skrini ya simu jalada halipo. Kimebaki kichwa cha mstari mmoja na picha ndogo isiyozidi upana wa kidole gumba.