Elgon: Kisiwa Katikati ya Mahindi

Australia ilitengana na mabara mengine mamilioni ya miaka iliyopita, ikabaki na kangaruu wake na miti isiyopatikana kwingine. Watu wa Kitale na Bungoma wanayo habari kama hiyo mlangoni pao, nayo ni Mlima Elgon.

Elgon ni volkeno iliyozimika. Ulianza kutema moto zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, muda mrefu kabla ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, na kitako chake kina upana wa takriban kilomita 80. Kilele cha Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda. Koitobos, wenye mita 4,222, uko upande wetu. Huko juu maji huganda usiku. Mimea iliyoizoea baridi hiyo haiwezi kushuka ikavuka nyanda zenye joto hadi mlima mwingine, kwa hiyo joto la chini huizingira jinsi bahari inavyozingira kisiwa. Senesio wa Elgon, mmea mrefu kuliko mtu, hauangushi majani yake makavu, bali huyaacha yalizunguke shina na kulikinga na baridi. Lobelia hukunja majani jua linapotua ili kiini chake kisigande. Ndugu zao wako Mlima Kenya, Kilimanjaro na Ruwenzori, lakini kila mlima umekuza wa kwake.

Mwaka 1883 msafiri Joseph Thomson kutoka Scotland alifika hapa akakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Alidhani mapango hayo yalichimbwa na watu wa kale. Hakujua kwamba tembo wana sehemu kubwa katika kazi hiyo. Katika pango la Kitum huingia usiku, wakipapasa njia kwa mkonga katika giza totoro, kisha hung'oa vipande vya mwamba kwa pembe, wakavisaga na kuvila kwa ajili ya chumvi iliyomo. Mama humfundisha mtoto njia. Majangili walipowaua wengi wao katika miaka ya 1970 na 1980, walikatiza elimu iliyorithishwa kwa vizazi, na hasara hiyo kwangu inauma kuliko ya pembe zenyewe.

Reli ilifika Kitale mwaka 1926, na mashamba ya walowezi yakaenea hadi miguuni mwa mlima. Mwaka huohuo Hugh Stoneham, mwanajeshi aliyependa vipepeo na ndege, alianzisha jumba lake la makumbusho. Alifariki mwaka 1966, akaiachia Kenya mkusanyo wake, na mwaka 1974 Makumbusho ya Kitale yakafunguliwa.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon ilitangazwa mwaka 1968. Upande wa Bungoma, Chepkitale ilifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 2000 bila kujali Waogiek walioishi humo tangu zamani. Mwaka 2022 mahakama mjini Bungoma ilisema hatua hiyo ilikiuka katiba, na nadhani ilitenda haki.

Lakini hofu yangu kubwa iko Saiwa, karibu na Kitale. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame kwenye matope. Anaishi humo pamoja na karasinga, kima mwenye ndevu nyeupe. Eneo lote halifiki kilomita za mraba 3, na pande zote ni mashamba. Upweke wa mlima ulichukua mamilioni ya miaka, ukazaa viumbe wapya. Huu wa Saiwa tumeuleta sisi kwa jembe katika muda wa maisha ya mtu mmoja, na kazi yake ni kuua tu, kwa sababu mnyama akipungua hakuna wa kuja kuziba pengo.

Maji ya Saiwa hutoka mashambani. Mikaratusi, miti ya Australia iliyoletwa Kenya mwaka 1902 kwa kuni za reli, imepandwa kando ya vijito vingi, na hunywa maji mno. Mwaka 2009 Waziri John Michuki aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Wewe mwenye shamba ukingoni mwa kijito cha Saiwa, usingoje agizo jingine. Ing'oe, na uache matete yarudi.