Mtindo wa Kujifunza: Maana ya Istilahi na Mipaka Yake

Miongoni mwa istilahi zilizoandamana na mafunzo ya kompyuta na masomo ya mtandaoni ni hii ya "mtindo wa kujifunza", yaani ile namna ambayo mwanafunzi huipendelea katika kuyapokea maarifa na kuyahifadhi. David Kolb wa Marekani aliieneza fikira hiyo kwa kitabu chake cha mwaka 1984, na mwaka 1992 Neil Fleming na Colleen Mills, huko New Zealand, wakawapanga wanafunzi katika mafungu manne: wa kuona, wa kusikia, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda.

Waliochagua neno "mtindo" walichagua vyema, pengine kuliko walivyokusudia, kwa sababu mtindo mtu huushika na kuuacha kwa kadiri ya haja, ilhali hulka huzaliwa nayo na aghalabu hufa nayo. Taabu imeingia pale walimu walipousoma mtindo kana kwamba ni hulka.

Natumtazame mtoto wa Chundwa, katika kisiwa cha Pate. Chuoni, mbele ya mwalimu wake, huisikiliza aya na kuirudia kwa sauti hata ikakaa moyoni. Chomboni pamoja na baba yake hakuna anayemhutubia, bali hutazama mkono unavyoshika usukani, kisha hupewa ashike yeye. Na nyumbani, pamoja na dada yake, huufuata ukili kwa vidole, akikosea hufumua akaanza tena. Je, mtoto huyo tumwite wa kusikia, wa kuona au wa kutenda? Mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni somo.

Utafiti nao umeelekea huko huko. Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake, nchini Uingereza, walihesabu nadharia 71 za mitindo hiyo, zenye kugongana. Na mwaka 2008 Harold Pashler na wenziwe watatu walipouchunguza ushahidi, hawakuona hoja ya kutosha ya kwamba mtu hufaulu zaidi afundishwapo kwa mtindo aupendao.

Linalozidi kupambanua wanafunzi wa kompyuta ni kile walichokwisha kukijua. Mtu mzima anayekishika kipanya kwa mara ya kwanza, akiambiwa abofye mara mbili, hubofya huku mkono ukisogea, na faili badala ya kufunguka ikaburutwa mahali pengine. Huyo, hata akijiita mpenda kusoma, maandishi peke yake hayatamfaa, wala hatatulia mpaka aonyeshwe pole pole na kuachiwa arudie. Bali aliyekwisha kuzoea, maelezo ya hatua kwa hatua humchosha na hata kumpunguzia ufahamu. Tangu mwaka 2016, serikali ya Kenya ilipoanza kupeleka vishikwambi katika darasa la kwanza la shule za msingi za umma, tofauti hiyo imeanza kuonekana hata kwa watoto, baina ya aliyezoea simu ya nyumbani na asiyewahi kuigusa.

Kwa hiyo nawasihi wanaotayarisha masomo ya mtandaoni kwa watu wa visiwani: msianze kwa kumwuliza mwanafunzi kama yeye ni wa macho au wa masikio. Mwulizeni amekwisha kufanya nini kwa mikono yake, kisha mpeni video anayoweza kuisimamisha, kuirudisha nyuma na kuipakua, na zoezi la kutenda papo hapo.