Chama cha madaktari na haki ya kugoma

WENGI huchanganya mashirika matatu ya madaktari nchini. Baraza la Madaktari ni asasi ya serikali inayosajili madaktari na kuwaadhibu wanaokiuka maadili. KMA ni shirika la kukuza taaluma. KMPDU, nacho, ni chama cha wafanyakazi kinachowatetea madaktari, wafamasia na madaktari wa meno kuhusu mishahara na mazingira ya kazi.

Haki hiyo haikupatikana kwa urahisi. Madaktari waligoma mwaka wa 1994 wakidai chama chao kisajiliwe, lakini serikali ya Rais Moi ikakataa. KMPDU kilisajiliwa 2011, mwaka mmoja baada ya Katiba mpya kuidhinishwa. Kifungu cha 41 humpa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 humtaka mwajiri kukitambua chama kinachowakilisha wafanyakazi wengi. Mgomo sharti utanguliwe na usuluhishi pamoja na ilani ya siku saba. Aidha, mkataba wa pamoja hupata nguvu za kisheria baada ya kusajiliwa mahakamani.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililozua mzozo mkubwa. Mkataba uliotiwa sahihi Juni 2013 haukusajiliwa, na serikali ikashikilia kuwa haukuwa halali. Wakati huo huo, huduma za afya zilihamishiwa kaunti 47, na mwajiri halisi akawa vigumu kutambulika.

Mnamo Desemba 5, 2016, madaktari waliweka chini vifaa vyao. Februari 2017, viongozi saba wa chama walifungwa jela kwa kukaidi amri ya mahakama, kisha wakaachiliwa baada ya siku chache. Mgomo ulikoma Machi 14, baada ya siku 100. Walioumia zaidi ni wagonjwa wasiomudu hospitali za kibinafsi, ilhali Kifungu cha 43 kinawahakikishia huduma bora za afya.

Mwaka wa 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Serikali ilitaka kuwalipa wanagenzi Sh70,000 kwa mwezi, badala ya takriban Sh206,000 zilizokubaliwa 2017.

Ahadi ni deni. Mkataba usiotekelezwa leo huwa chanzo cha mgomo wa kesho, na gharama yake humwangukia mgonjwa.