Grisi iliyookoa meli ya Tanganyika

LIKASI – Sufuria inayochemsha maji ya kisima kila siku hushika ukoko mweupe ndani yake. Akina mama wa Katanga wanaujua: ni chokaa. Maji hupita katika mawe, hubeba chokaa bila kuonekana, na moto ukiyachemsha chokaa hubaki nyuma.

Kwa jamaa waliokimbia kutoka Moba, Kalemie na vijiji vya ziwani, jambo hili haliishii jikoni. Sehemu kubwa ya chumvi za Ziwa Tanganyika inaletwa na mto Ruzizi kutoka Ziwa Kivu, nchi ya volkano. Mlango wa kutokea maji ni mmoja tu, mto Lukuga pale Kalemie. Maji mengi zaidi hukaushwa na jua, na jua halichukui chumvi. Ndiyo maana miamba mingi ya ufukweni imevikwa ganda gumu la chokaa. Boti nayo haisalimiki: ukoko hushika pangaboi, valvu na matundu yanayoingiza maji ya kupoza injini. Tundu likiziba, injini hupata moto na kuzimika, na upepo ukivuma katikati ya ziwa, hapo ni maisha ya watu.

Historia ya ziwa hilo inaigusa hata Likasi. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walileta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou, kwa bahari hadi Cape Town, kisha kwa gari la moshi hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mwezi wa 7 zilifika huko, zikaendelea kwa reli ya kwenda Bukama, ile inayopita Likasi. Wakati ule reli ilikuwa imeishia Fungurume. Kutoka hapo zilivutwa na ng'ombe na magari ya mvuke, kuvuka milima ya Mitumba. Magari hayo yalikunywa maji mengi kuliko yaliyopatikana njiani, na wanawake wa vijiji wakaajiriwa kuyabeba kichwani. Majina yao hayakuandikwa. Mwezi wa 12 mashua zikaingia ziwani, na siku ya 26 zikaiteka meli ya Wajerumani, Kingani.

Wajerumani walikuwa na meli kubwa kuliko zote ziwani, Graf von Goetzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Ilishushwa majini mwaka 1915. Tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipokaribia, Wajerumani waliamua kuizamisha wenyewe.

Mafundi walioiunda walipewa kazi hiyo. Hawakuilipua. Waliipakia mchanga ili ishuke taratibu, na kabla ya hapo wakazipaka mashine zake grisi nzito. Wabelgiji waliiinua baada ya vita, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza waliitoa, wakakuta injini na maboila yake bado yanafaa. Tarehe 16 mwezi wa 5 mwaka 1927 ilianza safari tena kwa jina la Liemba. Ikabeba watu na mizigo kwa miongo mingi, na wakimbizi pia.

Siri ya grisi ni nyepesi. Inakuwa kama ngozi juu ya chuma. Maji yasipogusa chuma, kutu haianzi, na chokaa haina pa kushika.

Kwa boti za leo dawa ni ileile: kuzuia kabla ya kubandua. Ukoko mwembamba huondolewa kwa siki au maji ya ndimu. Chokaa hutoa povu, inalegea, kisha inasuguliwa kwa kipande cha mti na kuoshwa kwa maji safi. Chuma kikali hukwaruza, na penye mikwaruzo ukoko mpya hushika upesi.

Likasi ni mji wa asidi. Tangu 1929 Shituru inatoa shaba katika mawe kwa asidi ya salfuriki, na hiyohiyo imo katika betri ya gari. Mtu asishawishike kuimimina kwenye injini ya boti. Ikikutana na chokaa inazaa jasi, ukoko mwingine ambao hauyeyuki kwa urahisi, na wakati huohuo inakula chuma, macho na ngozi ya mikono.

Anayelazimika kuiacha boti, kama nafasi ipo, aipandishe nchi kavu, amwage maji yote yaliyobaki ndani ya injini, apake grisi kwenye ekseli na valvu. Meli ya mwaka 1916 ilikaa miaka chini ya maji, na Waingereza walipoitoa, injini zake zilikuwa bado zinafaa.